Kwa nini rubani aliondoa mkono?

Jumamosi moja jioni nilikuwa kwa kinyozi wangu Majumba Sita, hapa Dar, kitambaa kimefungwa shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa, mara mashine ikazimwa. Umeme ulikuwepo. Kinyozi alikuwa ameshika simu ya mteja mwingine, anaangalia ndege ikiondoka. Video fupi, haifiki hata dakika moja, imechukuliwa ndani ya chumba cha marubani. Kamera imefungwa mahali nyuma ya viti na haitikisiki. Mbele unaiona njia ya kurukia, mistari meupe inakuja kwa kasi na kupotea chini ya pua. Mkono wa kapteni umekaa juu ya vile vishikio vya kuongezea injini nguvu. Rubani mwenzake anataja neno moja fupi kwa Kiingereza, na papo hapo mkono ule unaondoka. Ndege bado iko chini, inakimbia, na aliyeshika ameachia.

"Kaachia!" kinyozi akasema. "Mmeona? Kaachia kabla haijapaa."

Kijiwe kikagawanyika. Fundi pikipiki wa jirani alisema ndege za siku hizi zinajiendesha zenyewe, rubani yupo kwa ajili ya sare. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake alisema huyo kijana anajionyesha kwa kamera, na angekuwa dereva wa basi la mkoani abiria wangemshusha Chalinze. Mimi nilitaka tu nimaliziwe kichwa.

Jibu lilikuja siku mbili baadaye, kwenye video nyingine ya rubani mwenyewe. Alikuwa nyumbani, kavaa fulana, juu yake pangaboi linazunguka. Kabla ya kila safari, alisema, tunakokotoa mwendo mmoja unaoitwa V1. Unategemea uzito wa ndege siku hiyo, joto, upepo, urefu wa njia na kama njia ina maji. Kabla ya kufika mwendo huo, likitokea la kutokea, tunashika breki na tunasimama njia ikiwa haijaisha. Ukishafika, habari ya kusimama imekwisha. Njia iliyobaki haitoshi tena, kwa hiyo hata injini moja ikizima unapaa na iliyobaki, unajipanga angani, unarudi kutua. Kapteni anaweka mkono pale ili kama ni kusimama avute mara moja. Mwenzake akishataja V1, anautoa mkono kwa makusudi, asije akavuta kwa mshtuko wakati ambapo kuvuta ndiko kutakakoua watu.

Kumbe kitendo ambacho kijiwe kizima kilikiona ni uzembe, ndicho kilichokuwa na nidhamu kuliko vyote katika video ile. Na bila yale maelezo ya dakika tatu tungeondoka pale Majumba Sita tukiwa tumeongezewa hofu, baada ya kuonyeshwa kazi iliyofanywa sawasawa kabisa.

Nasema hivi kwa sababu mjadala wa marubani wanaoweka video mtandaoni umekuwa ukizunguka kwenye picha: zinapendeza, zinahatarisha, ni sifa, ni biashara. Video nyingi ni pambo tu kweli. Mawingu ya alfajiri, taa za Posta usiku, kofia juu ya dashibodi, muziki wa Bongo Fleva chini yake. Sina ugomvi nazo. Lakini picha ndiyo sehemu nyepesi ya shughuli hii, na ikiachwa peke yake inaweza hata kupotosha. Kazi yenyewe iko kwenye majibu, na kwa mji kama huu, iko kwenye majibu ya Kiswahili.

Abiria wa Dar amelelewa na daladala. Tangu yuko shule ya msingi anamwona dereva: shingo yake, jasho lake, simu anayoongea huku anakata kona ya Tazara. Akizidisha mwendo, nyuma kuna mama atapaza sauti, "Dereva, tuna watoto humu!" Kwenye mabasi ya mikoani kuna watu hawaangalii filamu inayoonyeshwa, wanaangalia mshale wa mwendo. Imani yetu kwa anayetuendesha imejengwa kwa kumwona na kwa kuweza kumkemea. Sasa mtu huyohuyo ananunua tiketi ya ndege kwenda Mwanza. Anaingia, anakaa, mlango wa abiria unafungwa, halafu ule wa mbele kabisa nao unafungwa. Dereva amegeuka sauti kwenye spika.

Mlango huo haukuwa hivyo siku zote. Zamani mtoto angeweza kuitwa mbele angali safarini, akaonyeshwa saa na taa, akarudi kwa wazazi wake na hadithi ya maisha. Ukarimu huo ulikuwa na gharama zake. Machi 1994 ndege ya Aeroflot iliyokuwa ikitoka Moscow kwenda Hong Kong ilianguka na kuua watu wote 75, baada ya kapteni kuwakalisha watoto wake kwenye kiti chake, na wa kiume, wa miaka 15, akakandamiza usukani mpaka sehemu ya mfumo wa kujiendesha ikajitoa bila marubani kutambua. Kilichofunga mlango moja kwa moja ni mashambulizi ya Marekani ya Septemba 11, 2001. Tangu Novemba 2003 kanuni za kimataifa zinataka ndege za abiria zenye viti zaidi ya 60 ziwe na mlango ulioimarishwa, usiopenyeka kwa risasi wala kwa teke. Ni sawa kabisa. Ila mlango ule uliozuia magaidi ulizuia na macho, na kwetu ulifungwa kabla wengi wetu hatujawahi kupanda.

Hilo tunalisahau. Shirika letu la ndege lilizaliwa Machi 1977 baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika, likachechemea miaka mingi, na lilifufuliwa 2016 kwa ndege mbili za Q400, zile zenye mapanga yanayozunguka mbawani. Dreamliner ya kwanza ikaja Julai 2018, Airbus A220 ya kwanza ikaja Desemba mwaka huohuo, na Agosti 2019 jengo la tatu la abiria pale Julius Nyerere likazinduliwa, jengo la kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Katika muda mfupi hivyo, watu ambao ndege waliijua kwa kuitazama ikipita juu ya mabati ya Kipawa wakaanza kuipanda kuwahi msiba. Wakapewa kiti, mkanda na kikombe cha juisi. Maelezo hawakupewa.

Nina ushahidi wangu mdogo. Safari moja ya Mwanza nilikaa na mama mtu mzima, kitenge kipya, anakwenda kumzika kaka yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Tulipaa vizuri. Haikufika hata dakika mbili, injini zikapunguza sauti ghafla, pua ikalala kidogo, na tumbo likabaki juu sisi tukashuka. Akanikamata mkono.

"Mwanangu, zimezima?"

Nikamwambia hapana mama, ndivyo zilivyo. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na sikujua. Wahudumu walikuwa wamefungwa mikanda kwenye viti vyao, wametulia kama sanamu. Baada ya muda sauti ya kapteni ilikuja kwa Kiingereza cha haraka, futi kadhaa, hali ya hewa ya Mwanza, asanteni kwa kutuchagua. Mama akanigeukia nimtafsirie. Hakukuwa na kitu cha kutafsiri. Alichotaka kujua hakikuwemo.

Miezi mingi baadaye ndipo nilipolipata jibu lake, kwenye simu, kutoka kwa rubani yule wa pangaboi. Ndege inapoondoka inatumia nguvu nyingi. Ikishafika kama futi 1,000 hadi 1,500 juu ya ardhi haihitaji tena nguvu zote hizo, kwa hiyo zinapunguzwa, injini zipumzike na ndege iongeze mwendo. Sauti inashuka, na mwili unalihisi badiliko hilo kama kuanguka. Ngurumo na kishindo unachosikia chini ya miguu kabla ya hapo ni matairi yanaingia tumboni. Kwisha. Sentensi tatu au nne ambazo zingeweza kusemwa kwa Kiswahili kabla ya kuondoka, na mama yule angefika Mwanza akiwa na huzuni moja badala ya mbili.

Ukitaka kujua watu wanaogopa nini, sikiliza wanachomuuliza rubani. Wengi humwamkia kwanza, "shikamoo kapteni", ndipo waulize. Ndege ina honi? Inayo, ndogo, sehemu ya matairi ya mbele, ya kumwita fundi aliye chini wakati imeegeshwa. Angani haina wa kumpigia. Kwa nini tunaambiwa tufungue vipazia vya madirisha wakati wa kutua? Ili kukitokea dharura watu waone upande upi una moto na upi wa kutokea, na macho yawe yameshazoea mwanga wa nje. Ndiyo sababu usiku taa za ndani hupunguzwa. Radi ikiipiga? Umeme unapita kwenye ngozi ya ndege na kutokea upande wa pili, na ndege ya abiria hupigwa kwa wastani kama mara moja kwa mwaka bila abiria kujua zaidi ya mwanga na kishindo. Wanauliza mshahara pia, kila wiki, na kila wiki anacheka na kwenda swali linalofuata.

Swali ambalo nadhani halingeulizwa kwingine ni la kunguru. Dar ni mji wa kunguru, hawa wa India walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakavuka bahari na kututawala. Anayekaa Vingunguti karibu na machinjio anajua ninachosema. Je, kunguru akiingia kwenye injini? Injini, akajibu, hazipewi cheti mpaka zijaribiwe kwa ndege wa ukubwa mbalimbali: wale wadogo na wa kati, injini inatakiwa iendelee kusukuma; yule mkubwa sana, inaruhusiwa kufa lakini isipasuke na kurusha vyuma kwenye mbavu za ndege. Akakumbushia New York, Januari 15, 2009, bata bukini walipozima injini zote mbili na ndege ikatuliwa juu ya mto Hudson, watu wote 155 wakatoka hai. Kisha akasema jambo ambalo ofisi yoyote ya uhusiano ingelifuta: kwamba usalama wa ndege na kunguru unaanzia kwenye jalala, na kwamba anayetupa utumbo wa kuku jirani na uwanja naye ni sehemu ya safari.

Na kuna lile la namba kubwa zilizochorwa kwenye njia. Julius Nyerere ina 05 upande mmoja na 23 upande wa pili. Ni nyuzi za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho: 050, yaani ndege inatazama kaskazini-mashariki, na 230, inatazama kusini-magharibi. Ndege hupenda kuondoka na kutua ikiukabili upepo. Kwa hiyo kaskazi ikivuma, 05 ndiyo yenyewe. Upepo ukigeuka ukaja kutoka upande wa Pugu, inatumika 23, na wakazi waliokuwa wakisikia ndege zikitua sasa wanazisikia zikipaa. Nimeishi jirani na uwanja huu miaka kumi na tano nikidhani wanabadilisha kwa zamu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba huyu bwana anafanya jambo jingine bila kulitangaza. Neno rubani tulilipata kutoka baharini, kwa Waarabu, kabla hakujawa na ndege ya kuendeshwa. Rubani alikuwa mjuzi wa njia, anayekipitisha chombo kati ya miamba na mikondo. Mpaka leo ukivuka na pantoni kwenda Kigamboni ukakuta meli kubwa inaingia kwenye ule mlango mwembamba, aliyemsaidia nahodha kuipitisha ni rubani wa bandari. Usukani nao ni wa baharini, na kaskazi na kusi zilikuwa za wenye majahazi kabla hazijawa za waongoza ndege. Kiswahili kilikuwa na akiba ya kutosha, ila hakuna aliyekwenda kuichukua. Rubani wetu anaichukua kila siku. Kueleza bawa linavyobeba ndege, anakwambia toa kiganja nje ya dirisha la daladala, kiinamishe, uone upepo unavyokiinua. Kueleza kinachosukuma Q400, anaonyesha kidole juu kwenye pangaboi lake. Kuhusu ile mitikisiko ambayo watu huiita mashimo ya hewa, anasema hakuna shimo lolote. Fikiria boti ya Unguja siku bahari imechafuka. Akasema basi na hewa nayo huchafuka. Kwa kinyozi walicheka mpaka mtu akaomba dirisha lifunguliwe, lakini neno limeshika.

Kiingereza kina mahali pake na sitaki kieleweke vibaya. Redioni, rubani mzaliwa wa Tandika na mwongoza ndege mzaliwa wa Mbagala wataongea Kiingereza, kwa sababu rubani wa tatu anayewasikiliza ni Mturuki. Tangu Machi 2008 rubani wa safari za kimataifa hana budi kufikia kiwango maalumu cha Kiingereza, na sababu imeandikwa kwa damu: Machi 27, 1977, kule Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia, watu 583 wakafa, na mojawapo ya mambo yaliyochangia ilikuwa sentensi moja ya redioni iliyoeleweka vingine. Lakini hoja hiyo inaishia kwenye mlango ule ulioimarishwa. Huku nyuma, kwa mama wa Mwanza, lugha ya usalama ni ile anayoielewa akiwa ameogopa.

Sasa hatari. Septemba 11, 1974, ndege ya DC-9 ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, Marekani, kwenye ukungu. Watu 72 wakafa. Wachunguzi waliposikiliza sauti za marubani, walikuta wawili hao wakiongea siasa na biashara ya magari yaliyotumika, huku ndege ikishuka chini ya kimo kinachotakiwa. Kutoka hapo, mwaka 1981 Marekani iliweka kanuni ambayo imeenea kwa majina tofauti: chini ya futi 10,000, isipokuwa ndege ikiwa imeshatulia kwenye kimo chake cha safari, ndani ya chumba cha marubani hakuna neno wala kitendo kisichohusu kuendesha ndege. Oktoba 2009 marubani wengine waliipita Minneapolis kwa kama kilomita 240, kompyuta zao mpakato zimefunguliwa mapajani, na mwaka 2014 ikaongezwa marufuku ya rubani kutumia simu au kompyuta kwa mambo binafsi akiwa kwenye kiti chake cha kazi.

Ukiiweka kanuni hiyo ya 1981 kwenye ramani yetu inasema mambo mahususi. Kwenda Mwanza, futi 10,000 zinakuja mapema, karibu na Kibaha, na baada ya hapo kuna muda mrefu wa utulivu kabla ya kushuka. Kwenda Unguja ni jambo lingine. Ndege ndogo inaondoka, inapanda futi elfu chache, na kabla chai haijapoa, kama chai ingekuwepo, inaanza kushuka. Futi 10,000 haizifiki kabisa. Kwa kipimo cha kanuni ile, karibu safari nzima ni eneo la kunyamaza. Na hiyohiyo ndiyo safari yenye picha tamu kuliko zote: Bongoyo, Mbudya, mafungu ya mchanga, maji yanayobadilika rangi mara nne.

Niliwahi kupanda Caravan, injini moja, rubani mmoja, abiria kama dazeni, nikapewa kiti cha mbele kulia kwa sababu nilikuwa mzito kuliko wenzangu. Tulipokaribia Unguja rubani alitoa simu mfukoni, akaishika kwa mkono wa kushoto, akapiga video ya fungu la mchanga huku mkono wa kulia ukiongoza. Alikuwa kijana mchangamfu, na alitua kama unyoya. Mimi sikuona mchanga. Nilikuwa nimekodolea macho saa ya kimo, jambo ambalo ningelifanya pia kwenye basi.

Kwa hiyo ninacho kipimo changu cha kienyeji, na nakitoa bure. Angalia kama picha inatikisika. Kamera iliyofungwa haihitaji mkono wa mtu. Mikono yote minne ya marubani wawili unaiona iko kazini, na hivyo ndivyo tulivyoweza kuuona mkono ule ukiondoka. Picha ikiyumba, ikasogea karibu, ikafuata kitu nje ya dirisha, ujue kuna mtu ameishika, na jiulize ni nani na ndege ilikuwa futi ngapi. Video ya namna hiyo siipongezi hata iwe na machweo ya namna gani. Ile ya kwanza sioni sababu ya mwajiri wala mamlaka kuikataza. Iwekewe masharti yaliyoandikwa: kamera ifungwe kabla injini hazijawashwa, isiguswe mpaka ndege imeegeshwa, sauti za redio na majina ya abiria vifutwe. Kukataza kabisa kutawaachia uwanja wale wanaoishika simu kwa siri.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi, nacho ni kile rubani anachokataa kujibu. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar iliingia ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Walikuwemo watu 43, wakafa 19. Siku hiyo kila simu ya mji huu ilikuwa na mtaalamu ndani yake. Ilikuwa upepo, ilikuwa njia fupi, ilikuwa rubani, haikuwa rubani. Familia za waliokufa zilikuwa zinasoma hayo yote kabla hazijapewa miili. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali, zilizomo katika kiambatisho namba 13 cha mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, zinasema uchunguzi lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, haulengi kumpa mtu lawama, na sauti za chumba cha marubani zinalindwa zisitolewe ovyo. Rubani mwenye wafuasi wengi siku kama hiyo ana kishawishi kikubwa kuliko sisi waandishi. Anaweza kueleza jinsi ndege ya aina ile inavyotua, jinsi mvua na mawingu ya ziwani yanavyobadilika, na kwa nini kuahirisha kutua na kupaa tena ni uamuzi wa kawaida usio na aibu. Akienda hatua moja mbele, akasema "nadhani walifanya hivi", ameshatoka kwenye kazi yake. Neno "sijui" kutoka kwa mtu aliyevaa mistari minne begani lina faida kubwa, na bahati mbaya halipati watazamaji.

Tusimtwishe pia mzigo usio wake. Ni mwajiriwa. A220 za shirika letu zilipoegeshwa kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney, matatizo yaliyoyakumba mashirika ya nchi nyingine pia, abiria waliopangiwa upya ratiba walikuwa na haki ya kuelezwa, kwa lugha nyepesi, injini ina nini na itarudi lini. Aliyepaswa kueleza hayo alikuwa na ofisi, bajeti na msemaji. Kumsubiri kijana mwenye fulana aeleze kutoka sebuleni kwake ni kumtafutia barua ya karipio. Nina wasiwasi mashirika yatampenda akiuza tiketi kwa machweo, na kumsahau siku watazamaji watakapomuuliza kwa nini ndege ya jana ilichelewa saa nne. Msemaji wa kweli hawezi kuwa yule ambaye mshahara wake unategemea kunyamaza, na sidhani rubani mwenyewe amewahi kudai cheo hicho.

Vijana humuuliza wafanyeje wawe kama yeye. Huko hatii sukari. Fizikia na hisabati, kipimo cha afya, Kiingereza, na pesa. Nyingi: kufika leseni ya biashara kunagharimu makumi ya maelfu ya dola, na vizazi vya marubani wetu vilikwenda Soroti kule Uganda, Afrika Kusini, Ethiopia. Hapa Mabibo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha kozi za usafiri wa anga, na yeye huwakumbusha kwamba ndege haipai bila fundi, na fundi hulala nyumbani kwake kila siku. Leseni ya juu kabisa inataka saa 1,500 za kuruka. Kijana mmoja aliuliza kama saa za kwenye mchezo wa simu zinahesabiwa.

Mwezi uliopita nilipanda tena ya Mwanza. Safu yangu walikaa mtu na mama yake, yeye kijana wa miaka ishirini hivi, mama kashika tasbihi. Ndege ilisogea hadi mwisho wa njia, ikageuka, ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza kukimbia. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kama kawaida. Kijana akainama sikioni kwa mama.

"Sasa hivi kapteni kaondoa mkono."

"Mkono gani?" mama akauliza, na kijana akaanza kumweleza V1, akipayuka kushinda injini. Alikuwa amechelewa kidogo, pua ilishainuka.